Serikali Haina Dini, Lakini Inajua Jina Lako

Kitambulisho changu nilikipata bila stori nyingi. Nilienda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Nikaweka vidole kwenye wino, nikapigwa picha mbaya sana, nikapewa karatasi ya kungojea. Baada ya wiki kadhaa nikaambiwa kimefika. Mama akanunua soda, nikawa Mkenya kamili.

Rafiki yangu mmoja, ambaye ameniomba nisimtaje jina, alienda mwezi huo huo. Tulisoma naye sekondari na tulikalia dawati moja miaka miwili. Amezaliwa Naivasha, kama mimi. Babake amezaliwa Kenya. Ananishinda Kiswahili, na Kikikuyu anakiongea mpaka shosho yangu husahau kwamba si wa kwetu. Lakini jina lake la kwanza ni la Kiislamu na la mwisho ni la Kisomali.

Katika ofisi moja, ambayo pia sitaitaja, aliambiwa akae kando. Arudi siku ya kamati. Alete karatasi za babu. Babu alikufa kabla yeye hajazaliwa, na mtu wa kuchunga ng'ombe wa zamani hizo alikuwa na karatasi gani? Akarudi mara ya pili, kamati haikukaa. Mara ya tatu, mzee mmoja wa kamati akamuuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote wa serikali. Unaswali wapi? Imamu wenu ni nani? Umewahi kusafiri nje?

Nje ya ofisi kulikuwa na dalali. Akamwambia, "Kijana, ungekuwa unaitwa Joseph hii kitu ingekuwa imeisha asubuhi."

Kitambulisho kilichelewa zaidi ya mwaka. Bila kitambulisho hakuna mkopo wa masomo, na bila mkopo kwao hakukuwa na karo. Mimi nikaenda chuo na mkopo wangu, nikasoma miaka miwili, nikaacha. Leo natengeneza video. Yeye anauza kava za simu mjini. Mimi niliiacha nafasi kwa hiari yangu, na yeye hakuionja. Kila nikikumbuka hilo nashindwa kumwangalia usoni vizuri, ingawa yeye hucheka tu na kuniambia, "Wewe ndiye uliyetuaibisha, ulikuwa umeingia."

Sasa ndiyo maana wiki hii sitaongea juu ya simu mpya. Nataka tuongee juu ya dini na mipaka. Najua kuna mtu ataniandikia, "We dropout, haya mambo yanakuhusu nini?" Yananihusu.

Katiba inasema nini

Ibara ya 8 ya Katiba ya 2010 ni fupi kuliko maelezo ya video zangu. Inasema Kenya haina dini ya taifa. Basi. Ibara ya 27 inakataza serikali kumbagua mtu kwa sababu ya dini, kabila, kuzaliwa na mengine mengi. Kwa hiyo kwenye karatasi, ofisa wa kitambulisho au wa uhamiaji hana haja ya kujua unasali Ijumaa, Jumamosi au Jumapili.

Lakini sisi wote tunajua maisha. Dibaji ya Katiba hiyo hiyo inaanza na Mwenyezi Mungu. Wimbo wa taifa ni sala. Mikutano ya serikali hufunguliwa kwa maombi. Mimi sina shida na hayo. Mimi mwenyewe nimelelewa kanisani, na nikikosa Jumapili mbili mama hupiga simu. Shida yangu iko kwingine. Serikali ikishasema haina dini, halafu ikaitumia dini kuamua nani aingie, nani akae na nani apewe karatasi, haitasema wazi kwamba inafanya hivyo. Itatafuta jina lingine. Itasema ni usalama. Itasema ni nchi fulani. Itasema ni utaratibu tu.

Saudi Arabia angalau haikudanganyi. Sheria yake imejengwa juu ya Uislamu, na asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia Makka. Unaweza kupenda au kuchukia, lakini umeambiwa mapema. Mimi naongea na zile nchi zinazosema, "Sisi hatuangalii dini," huku jicho moja likichungulia.

Marekani walifanyaje

Mfano mkubwa unatugusa mpaka huku. Desemba 2015, Donald Trump akiwa anatafuta urais, alitaka Waislamu wote wafungiwe mlango wa Marekani kwa muda. Alisema waziwazi. Januari 27, 2017, siku chache baada ya kuapishwa, akatia saini amri yake. Ukiisoma, hakuna mahali imeandikwa "Waislamu marufuku." Iliwazuia watu wa nchi saba: Iran, Iraki, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Zote, Waislamu ndio wengi. Na amri hiyo hiyo ikasema wakimbizi wa dini za wachache watapewa kipaumbele baadaye.

Unaona mchezo? Dini ilitoka mlangoni kama neno, ikarudi dirishani kama orodha ya nchi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 2018 toleo la tatu la marufuku hayo likapita kwa majaji watano dhidi ya wanne. Walio wengi walisema rais ana mamlaka hayo na sababu ya usalama inatosha. Biden akayafuta Januari 2021. Trump akarudi, na Juni 2025 akatoa orodha nyingine, Somalia ikiwemo tena.

Hiyo si habari ya mbali. Amri ya 2017 ilipotoka, kulikuwa na wakimbizi wa Kisomali zaidi ya mia moja Nairobi, wameshatoka Dadaab, wanangoja ndege. Watu waliohojiwa miaka, wakapimwa afya, wakauza vitu vyao kambini. Wakarudishwa Dadaab. Fikiria umeshauza sufuria yako na godoro, halafu unarudi kununua tena kwa sababu mtu ambaye hujawahi kumuona ameifungia nchi yako mlango kwa karatasi moja.

Januari 2025 mpango wote wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa. Kakuma na Dadaab watu wakakwama. Lakini Mei mwaka huo, ndege ikatua Marekani na Waafrikana weupe kutoka Afrika Kusini, wakapokelewa kama wakimbizi. Hapo kikatokea kitu ambacho nakipenda sana. Kanisa la Episkopo la Marekani, ambalo kwa karibu miaka 40 lilikuwa linasaidiana na serikali yao kupokea wakimbizi, lilipoombwa kuwapokea hao likasema hapana, na likasimamisha ushirikiano huo. Askofu wao mkuu alisema inauma kuona kundi moja likipitishwa mbele ya watu waliongoja kambini kwa miaka.

Kwa hiyo msiniambie dini daima ndiyo mbaya. Hapo serikali isiyo na dini ndiyo iliyopendelea, na kanisa ndilo lililokataa.

India nayo, nchi ambayo Katiba yake inajiita isiyo na dini, ilipitisha sheria ya uraia Desemba 2019. Inawapa njia rahisi ya uraia watu waliotoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan, wakiwa Wahindu, Masingasinga, Wabudha, Wajaini, Waparsi au Wakristo. Waislamu hawamo. Angalau India waliandika. Sisi huku hatuandiki, tunasoma jina tu.

Turudi nyumbani

Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwaita Wakenya Wasomali wote wapigwe msasa, wathibitishe kwamba ni Wakenya. Mkamba hakuitwa, ingawa kuna Wakamba Tanzania. Mmasai hakuitwa, ingawa mpaka umekata boma lake katikati. Mteso hakuitwa, ingawa ndugu zake wako Uganda. Aliitwa Msomali. Tangu hapo msasa huo ukakaa kama kidonda kisichopona, na ukawashika pia Wanubi na Waislamu wengi wa Pwani.

Hebu tuwaangalie Wanubi. Mababu zao walikuwa askari wa Mwingereza kutoka Sudan. Wako Kibra tangu mwanzo wa karne iliyopita, yaani kabla Kenya haijaitwa Kenya. Mwaka 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewanyima watoto wa Kinubi haki yao ya uraia na imewabagua. Mwaka 2017 jamii ikapewa hati ya ekari 288 za Kibra. Zaidi ya miaka mia moja ndipo unaambiwa, sawa, hapa ni kwako.

Mtu ataniambia hapo ni kabila, si dini. Nakubali kwamba zimeshikana kama chapati na mafuta. Ndiyo maana naleta Washona. Hawa walitoka Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1960, na walikuja kwa ajili ya dini kabisa: walikuwa wamisionari wa kanisa la Johane Masowe. Wakakaa Kiambu, wanaume wakachonga mbao, wanawake wakasuka vikapu. Ni Wakristo, na bado walikaa bila uraia karibu miaka 60, watoto wao wakishindwa hata kufungua akaunti ya benki. Tarehe 12 Desemba 2020, Uhuru Kenyatta akatangaza Washona 1,670 watambuliwe. Kwa hiyo ni kweli, kuwa Mkristo hakukupi uraia wa bure Kenya. Ofisi zetu zina uwezo wa kumtesa yeyote.

Lakini angalia kilichofuata. Washona walipopewa vyeti, nchi ilipiga makofi. Sikusikia mtu akisema ni hatari. Februari 2025, Rais Ruto akiwa kaskazini mashariki, akatia saini tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa vitambulisho vya watu wa kule. Kelele zikawaka. Ati magaidi wataingia. Ati ni kura za 2027 zinatafutwa. Inawezekana kabisa kwamba mwanasiasa alifikiria kura. Ni lini mwanasiasa hajafikiria kura? Lakini haki haiwi dhambi kwa sababu aliyeitoa ana hesabu zake. Na hayo makofi na hizo kelele, tofauti yake ni nini? Wote ni watu wanaotafuta karatasi. Nadhani jibu unalo.

"Lakini Westgate? Lakini Garissa?"

Hili swali ni halali na sitalikimbia. Westgate, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, na wauaji waliwatenga kwa dini. Wanafunzi Wakristo waliuawa kwa sababu ni Wakristo. Kuna familia hapa Nakuru na kote nchini ambazo hazijapona mpaka leo. Mtu aliyezika mtoto wake akiogopa, simcheki.

Baada ya Westgate na milipuko mingine, Aprili 2014 serikali ikaanzisha operesheni Eastleigh na kwingineko. Maelfu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani, wakiwemo watu wenye vitambulisho vya Kenya. Baada ya Garissa, serikali ikataka Dadaab ifungwe, na Mei 2016 ikatangaza rasmi. Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akasema hapana: ni ubaguzi, na ni kinyume cha Katiba.

Lakini hebu tuulize kama msasa ulifanya kazi. Mmoja wa walioshambulia Garissa alikuwa Mkenya, amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake alikuwa chifu. Yaani mtoto wa yule yule anayepiga mhuri. Mmoja wa walioshambulia DusitD2 Januari 2019 alikuwa Mkenya, mtoto wa mwanajeshi wa Kenya. Hao hawakuhitaji kupita kwa kamati ya wazee kuulizwa imamu wao ni nani. Wangepita. Aliyekwama ni rafiki yangu, ambaye kosa lake kubwa maishani ni kunikopesha mia mbili ambazo sijarudisha.

Na sasa pima upande wa pili. Mwaka 2023, Shakahola, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wamuone Yesu. Hayo mauti yalipitia kwa Biblia. Je, uliona Wakristo wakipangwa Kasarani? Kuna mtu aliniambia nilete kadi ya ubatizo ya babu yangu kabla sijapewa kitambulisho? Hapana. Tulisema, kwa haki kabisa, kwamba wahusika ndio washtakiwe na wengine waachwe. Nauliza tu: kwa nini akili hiyo nzuri hutupata siku ya Shakahola na hutupotea siku ya Garissa?

Usalama wa kweli hutazama mtu na alichofanya. Ukitazama jina, unachoka bure na unajitengenezea adui ambaye hakuwepo.

Dini inaweza kutufundisha kitu hapa

Kuna wasomi huko Twitter husema suluhisho ni dini itoke kabisa kwenye mambo ya umma. Mimi siamini. Dadaab na Kakuma, mashirika yaliyobeba mzigo ni pamoja na ya Walutheri na ya Majesuti. Nairobi, shirika la makanisa la Church World Service ndilo lililoshughulikia faili za wakimbizi wanaoelekea Marekani kwa miaka mingi. Ukitoa dini leo asubuhi, jioni kuna mtoto Kakuma hana darasa.

Na stori nzuri kuliko zote juu ya wakimbizi ni ya upande wetu huu wa dunia. Karibu mwaka 615, Waislamu wa kwanza walikuwa wanateswa Makka. Mtume Muhammad akawaambia wavuke bahari waende Habasha, Ethiopia ya leo, kwa sababu kule kuna mfalme ambaye kwake mtu hadhulumiwi. Mfalme huyo, Najashi, alikuwa Mkristo. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Najashi akawaita wakimbizi, akawasikiliza, akarudisha zawadi. Wakakaa.

Alikuwa mfalme wa nchi yenye dini yake rasmi, na bado hakuwarudisha kwa sababu dini yao si yake. Aliwasikiliza, akawalinda. Sisi tuna Katiba isiyo na dini, na tunauliza imamu ni nani.

Wakristo wenzangu nao wakumbuke Mathayo sura ya pili. Yusufu alimchukua Maria na mtoto usiku wakakimbilia Misri. Hawakuwa na karatasi za babu.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Dini ikikufanya umfungulie mlango mtu asiye wako, iache iingie kwenye sera mpaka ichoke. Ikikufanya umfungie kwa sababu si wako, basi hiyo siyo dini inayoongea. Hiyo ni hofu imevaa kanzu, au kola.

Nani mwenyeji Ndabibi?

Ukitoka Naivasha ukizunguka ziwa, ukipita Kongoni, unafika kwetu. Jumapili utasikia ngoma za Akorino upande huu, spika za Wapentekoste upande ule, Wakatoliki katikati. Kuna Wakikuyu, Wamasai, Waturkana, Wakisii, Waluhya waliokuja kwa kazi za maua wakabaki. Kila mmoja ana mwaka aliokuja, wake au wa babake. Na kabla yetu, mwaka 1904, Wamasai wa Bonde hili waliwekewa karatasi mbele yao na Mwingereza, wakahamishwa Laikipia ili walowezi wachukue nyasi za Naivasha na Nakuru. Mwaka 1908, mamia ya Makaburu wa Afrika Kusini walishuka kwenye treni Nakuru, wakafunga magari ya ng'ombe kuelekea Uasin Gishu. Hakuna kamati iliyowauliza karatasi za babu. Walikuwa na rangi sahihi na kanisa sahihi.

Na Januari 2008, Naivasha, Wakenya wenye vitambulisho halali waliulizwa jina, na jina likaamua nani aishi. Nilikuwa mdogo, lakini mama bado hushusha sauti akifika hapo. Hiyo ndiyo sababu naogopa kila ofisi inayosoma jina kabla ya kusoma fomu. Tunajua hiyo barabara inaishia wapi. Sisi tumeifika.

Ninachotaka si kikubwa. Fomu moja, maswali yale yale, kwa kila mtoto wa miaka 18. Kama kuna shaka juu ya mtu, iandikwe ni shaka gani, apewe barua yenye sababu na tarehe ya jibu. Akikataliwa, awe na mahali pa kukata rufaa. Na swali la unaswali wapi lifutwe, kwa wote, siyo kaskazini mashariki peke yake. Hata hapa Naivasha.

Jumamosi nilipita kwa kibanda cha rafiki yangu. Nikamwambia nimeandika. Akaniuliza, "Umeweka jina langu?" Nikasema hapana. Akanyamaza kidogo, akafuta vumbi kwenye kioo cha simu ya mteja.

"Poa," akasema. "Mdogo wangu anafika 18 mwaka ujao."

Mia mbili zake nimemrudishia.